Fundi Aliyekata Mti wa Chakula

Fundi seremala alifungua karakana yake kila asubuhi, lakini mwaka ule wateja walikuwa haba. Nyumbani, mkewe alipika majani machanga na mbegu za mti mmoja wa msituni. Watoto walikula wakashiba. Fundi alikula ameinamisha kichwa.

Siku moja, kabla ya alfajiri, mkewe aliamka na homa. "Baba watoto, leo nenda wewe ukachume."

"Watu wakinikuta mtini natafuta majani kama mbuzi, uso nitauweka wapi?"

"Njaa haichagui uso. Nenda tu."

Akaenda alfajiri, na shoka. Hakupanda. Aliukata mti wote, akajaza gunia majani na mbegu upesi, akarudi mbio.

Mchana jirani yao akabisha hodi. Alikuwa mama anayefanya kazi kwenye kitalu cha miche. Kapu lake lilikuwa tupu.

"Jamani, mti umekatwa! Mtaa mzima unaula ule. Nani kafanya unyama huu?"

Mke wa fundi alilitazama gunia, kisha akamtazama mumewe. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ni mimi, dada," alisema. "Niliona haya kuonekana nachuma."

Jirani aliliweka kapu chini. "Shemeji, kuchuma si aibu. Aibu ni hii."

Fundi alilisogeza gunia mbele ya jirani.

"Majani huchumwa machanga, kidogo kila tawi, mti ubaki na uhai," jirani akaendelea. "Mbegu zilizoiva huanguka zenyewe. Zichemshe mpaka zilainike, umenye ganda, ule. Nyingine uzipande. Sasa gawia watu hayo majani, na mbegu zilizoiva niletee."

Fundi akabeba gunia nyumba kwa nyumba. Kila mlangoni alisema, "Mti nimeukata mimi. Nisameheni." Mzee mmoja alimfungia mlango usoni. Fundi akaacha fungu la majani kizingitini, akaondoka, masikio yakimwaka moto.

Mbegu zilipoota kitaluni, alipanda mche katika kila ua. Akatengeneza vizimba vya mabanzi kuzuia mbuzi. Hata kwa yule mzee alipanda, wala hakuambiwa asante.

Miaka ikapita. Miti ikashika, na watu wakaanza kuchuma, kidogo kila tawi. Jioni moja mzee alimwona fundi akipita.

"Wewe, ingia. Tumepika."

Fundi alivua viatu, akaingia. Alikula macho yakiwa chini, mpaka mzee alipomwongezea majani ya ule mti wa uani; ndipo akainua uso.