Msasa wa Miguu Mitatu

Kila Jumamosi asubuhi Editha alifagia banda la baba yake kabla jua halijapanda. Aliokota nati zilizodondoka, akamwaga mchanga juu ya oili iliyovuja, kisha akapanga zana mezani: bisibisi upande huu, spana upande ule, drili katikati. Baba yake, Fundi Leonardi, alitengeneza bajaji pale Goba, kando ya barabara ya vumbi inayoteremka kwa ukali mpaka uwanja wa shule. Mteremko huo ndio uliomletea wateja, maana bajaji yenye breki mbovu haina maisha marefu Goba.

Siku hiyo Editha alifagia vibaya. Alisukuma ufagio kama anayegombana nao, vumbi likawarukia kuku wa jirani, kuku wakapiga kelele. Mdogo wake Allen, wa miaka sita, alicheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

Niseme mapema: Editha alikuwa na haki ya kukasirika. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mfungaji wa timu ya netiboli ya shule, na mchana ule wangecheza fainali na wasichana wa Kawe. Baba alimwahidi wiki nzima. "Jumamosi hiyo ni yako," alisema, tena mbele ya mama. Halafu Jumamosi yenyewe, chai haijapoa, akasema maneno mengine.

"Leo huendi popote mpaka bajaji ya Somoe itoke. Ana safari saa nane, na mie nina injini ya watu mkononi. Silinda ya breki utaisugua wewe."

"Baba, uliahidi!"

"Niliahidi, lakini kazi imeingia. Ukimaliza mapema, utakwenda. Usipomaliza, basi."

"Ahadi ni deni. Si wewe uliyenifundisha?"

"Editha! Hasira hasara. Shika kazi."

Kama kulikuwa na methali ambayo Editha aliichukia, ni hiyo. Kila mtu alimtupia: mwalimu wa michezo, mama, hata bibi yake akipiga simu kutoka Masasi. Hasira hasara, hasira hasara. Hakuna aliyewahi kumuuliza amekasirishwa na nini.

Kazi yenyewe aliijua vizuri. Ndani ya gurudumu la bajaji kuna silinda ndogo ya breki, kibomba cha chuma kifupi kuliko kidole. Dereva akikanyaga breki, mafuta husukuma vikombe vya mpira ndani ya kibomba hicho, navyo husukuma breki zilishike gurudumu. Kibomba kikiingia kutu, mpira hukwaruzika, mafuta huvuja, na breki hufa. Hapo ndipo unapohitajika msasa wa miguu mitatu. Ni kifaa kidogo chenye vijiguu vitatu, kila kimoja na kijiwe cha kusugulia, na springi ya kuvitanua. Unakifunga kwenye drili, unakichovya kwenye mafuta ya breki, unakiingiza ndani ya kibomba. Kinazunguka na kulainisha ukuta wote wa ndani mpaka ung'ae.

Baba alimfundisha kwa maneno manne: sugua kidogo, toa, futa, tazama. Na kila mara aliongeza onyo lilelile.

"Msasa huu hutoa, haurudishi. Ukikuta kishimo cha kutu kinachogoma, acha, niite. Silinda hiyo imekufa, tunafuata mpya Kariakoo."

Editha alisugua kidogo, akatoa, akafuta, akatazama. Kutu ilikuwa imetoka, isipokuwa kishimo kimoja kidogo kama punje ya mtama. Akasugua tena. Kishimo kikabaki palepale. Aligeuka kumtazama baba yake. Baba alikuwa ameinamia injini upande wa pili wa banda, amempa mgongo.

Hapo alipaswa kumwita. Lakini akimwita, baba atamtuma mtu Kariakoo, na kutoka Goba mpaka Kariakoo na kurudi ni mchana wote. Fainali itakuwa imekwisha. Isitoshe, walikuwa hawasemeshani tangu chai, na Editha hakutaka kuwa wa kwanza kufungua mdomo.

Basi akabana meno, akawasha drili, akakandamiza. Akaisugua ile ahadi iliyovunjwa. Akaisugua ile hasira hasara. Akawasugua wasichana wa Kawe ambao wakati huo, bila shaka, walikuwa wakivaa jezi zao baba zao wakiwatazama kwa furaha. Drili ikalia, wala hakutoa, wala hakufuta, wala hakutazama.

Alipokumbuka kutazama, kishimo hakikuwepo. Kibomba kilimeremeta kwa ndani hata alijiona uso. Kwa sekunde moja alifurahi. Kisha akachukua kikombe cha mpira akakiingiza. Mpira unatakiwa ukaze, usukumwe kwa kidole ndipo uingie. Huu uliteleza wenyewe, ukatokea upande wa pili.

Alijua alichokifanya. Msasa ulikuwa umekula chuma, kibomba kimepanuka, na hakuna fundi duniani anayeweza kukirudishia.

"Tayari?" baba aliuliza bila kugeuka.

"Tayari," akajibu Editha. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa baba yake tangu chai, na lilikuwa la uongo.

Fundi Leonardi alifunga silinda harakaharaka, akajaza mafuta, akakanyaga pedali. Ilisimama ngumu, kama nzima, maana mafuta yalikuwa bado hayajaanza kuvuja. Akazungusha bajaji mbele ya banda, akakanyaga tena, ikasimama.

"Una mkono mzuri," alimwambia. "Haya, kimbia kwenye mpira wako."

Maneno hayo yalimuuma kuliko kofi. Aliokota begi lake akaondoka bila kuaga. Allen alimfuata mpaka barabarani akirukaruka.

"Dada! Sie tunakuja na bajaji ya anti Somoe! Mie na wenzangu wote, tunakuja kukushangilia!"

Editha aliteremka mlima mbio. Njia nzima alijiambia kwamba pedali ilisimama, baba mwenyewe kaiona, na baba ni fundi. Kama kuna tatizo, si angeligundua? Uongo una miguu mifupi, lakini siku hiyo Editha aliukimbiza kweli.

Uwanjani, Manal, kapteni wa timu, alimvalisha kizibao cha mfungaji. "Afadhali umekuja. Leo Kawe wanalia!" Wasichana wakajipanga, mwalimu akashika filimbi. Editha akainua macho, akauona ule mteremko wote kuanzia juu mpaka chini, mweupe kwa jua, unaishia ukutani mwa shule. Akamwona Allen kwa mawazo, amekaa kiti cha nyuma, anapiga makofi.

Akaanza kukimbia.

"Editha! We Editha, unakwenda wapi?" Manal alipiga kelele. "Tutabaki sita! Umerogwa?"

Hakugeuka. Alipanda mlima kifua kikiwaka. Sasa hasira yake ilikuwa imegeuka, inamtafuna mwenyewe. Mjinga wewe, alijiambia, mjinga, mjinga, kwa kila hatua.

Juu kabisa, pale barabara inapotaka kuanza kuinama, palikuwa na nyumba inayojengwa na rundo la mchanga kando yake. Bajaji ya kijani ikatokeza, imejaa watoto wanaoimba. Editha akasimama katikati ya barabara, akatanua mikono.

"Simama! Anti, simama!"

Bi Somoe, mwenye bajaji na dereva wake, akapiga honi. Akakanyaga breki. Pedali ikazama mpaka chini, tupu. Akakanyaga tena, tupu. Hakungoja mara ya tatu. Alikata usukani, bajaji ikapanda rundo la mchanga, ikanguruma, ikazimika imejiinamia. Watoto wakaangukiana. Allen akatoka na mchanga mdomoni, analia, lakini mzima. Wote walikuwa wazima. Gurudumu moja la nyuma lilikuwa limelowa mafuta ya breki chapachapa.

Bi Somoe alikuwa mwanamke mrefu, amefunga kanga kiunoni, na sauti yake ilijulikana kuanzia Goba mpaka Kawe. Aliwahesabu watoto kwanza. Kisha akamgeukia Editha.

"Wewe mtoto una wazimu? Nimebeba watoto wa watu!"

"Breki, anti. Breki mbovu. Mie nimeiharibu, na nilijua. Nilijua nikanyamaza." Editha alikuwa akihema na kulia. "Nisamehe."

Mishipa ya shingo ilimsimama Bi Somoe. Kisha akafanya jambo la ajabu: akaipeleka mikono yote miwili nyuma ya mgongo, akafumbata vidole, akasimama hivyo kama askari.

Habari hukimbia kuliko gari. Fundi Leonardi alifika mbio na spana mkononi, akasikia kilichotokea, macho yakamwiva.

"Wewe! Nilikuambia nini? Nilikuambia ukikuta kishimo uniite! Ulitaka kumuua mdogo wako?" Akamwendea, mkono wenye spana umenyanyuka.

"Fundi," Bi Somoe alisema. "Weka chini hiyo spana."

"Somoe, usiniingilie, huyu ni mwanangu."

"Na hiyo ni bajaji yangu, na roho niliyokuwa nayo ni moja. Weka chini kwanza. Ukitaka kufoka, utafoka."

Fundi aliitazama spana kama mtu ambaye hakujua anayo. Akaiweka mchangani.

"Kwa nini hukuniita?" akauliza. Sauti ilikuwa imepungua.

"Ungemtuma mtu Kariakoo, ningekosa mechi." Kisha kile kilichomjaa Editha tangu asubuhi kikatoka chote. "Uliahidi, baba! Wiki nzima uliahidi! Nikisema, naambiwa hasira hasara! Hata hukunitazama!"

Watu waliokusanyika wakasogea karibu. Baba alitazama chini.

Bi Somoe ndiye aliyejibu, mikono bado nyuma.

"Sikiliza, mwanangu. Mie hapa nina hasira mpaka masikio yanavuma. Unaiona mikono yangu? Nimeifunga kwa sababu naijua. Hasira si kosa. Umeahidiwa ukanyimwa, ungekuwa gogo usingekasirika. Makosa yako ni haya: ulishika kazi inayobeba roho za watu huku mkono umejaa hasira, halafu ulipoharibu, ukaficha. Mficha maradhi kifo humuumbua. Leo kingewaumbua watoto ambao hawajui hata silinda ni nini."

Editha akafuta machozi kwa kizibao.

"Lakini uliacha mechi ukapanda mlima huu kusema kweli mbele ya watu. Hilo nimeliona." Bi Somoe akamgeukia Fundi. "Na wewe, Baba Editha. Mtoto akiogopa kukuita kwa ajili ya kishimo, hiyo silinda hakuiharibu peke yake."

Fundi Leonardi alichuchumaa kando ya gurudumu lililolowa, akaligusa.

"Ahadi niliivunja mie," akasema. "Na silinda niliifunga bila kuipima, kwa haraka zangu. Fundi mzima."

Timu ya Goba ilifungwa, na Manal hakumsemesha Editha kwa siku nyingi. Baba alikwenda mwenyewe Kariakoo kufuata silinda mpya. Jumapili, baada ya misa, baba na binti walipita nyumba hadi nyumba kwa wazazi wa watoto wale, na Editha akaeleza mwenyewe alichofanya. Wengine walimshukuru. Mama mmoja alimfokea mlangoni hadi majirani wakatoka, na Editha akasimama akasikiliza mpaka mwisho, kwa sababu mama yule naye alikuwa na haki ya kukasirika.

Haikupita muda mrefu, Bi Somoe alileta tena bajaji bandani, safari hii gurudumu la mbele. Editha alikuwa ameshika drili, msasa uko ndani ya kibomba, baba akaingia kwa kishindo.

"Bisibisi yangu iko wapi? Kila siku wewe, Editha! Kila nikikuachia kitu kinapotea!"

Bisibisi ilikuwa kwa Allen, anachimbia mashimo ya gololi nje. Editha alihisi joto likimpanda shingoni. Kidole kilikaza kwenye drili.

Akakiachia. Akatoa msasa, akaufuta, akauweka mezani pamoja na drili. Kisha akapeleka mikono nyuma ya mgongo.

"Baba, nimekasirika," akasema. "Bisibisi sikuichukua mie. Sishiki silinda sasa hivi."

Baba akafungua mdomo. Ile methali ilikuwa imeshafika kwenye ulimi wake, Editha aliiona kabisa. Kisha baba akatazama mkono wake mwenyewe, ulioshika spana. Akaiweka mezani, kando ya drili.

"Haya," alisema. "Sema. Nakusikiliza."

Bi Somoe, aliyekuwa amekaa kwenye benchi akinywa kahawa, alicheka.

"Semeni mpaka mmalize, msinionee haya," aliwaambia. "Mie nangoja. Bajaji iliyosimama haijamuua mtu."