Bi Usafi na Waya Uliokuwa Unaning'inia

Kila siku baada ya masomo, Bi Usafi alivuka barabara iliyotenganisha shule yake na chuo kikuu, akawasalimu walinzi langoni na kwenda moja kwa moja maabara ya kompyuta. Mama yake alikuwa fundi wa maabara hiyo. Binti huyo wa darasa la sita alimsubiri humo hadi jioni, akifanya kazi zake za shule kwenye meza ya pembeni.

Wanafunzi wa chuo walimwita fundi huyo Mama Mtandao. Binti naye walimpa jina la Bi Usafi, maana hakuweza kuona kitu kimekaa upande bila kukinyoosha. Mtu akiinuka tu kunyoosha mgongo, kiti chake kilikwisha kusukumwa chini ya meza.

"Bi Usafi, nilikuwa narudi kukaa!" wangelalamika, naye angecheka.

Mama alikuwa na sheria moja tu. "Kabati la chumba cha nyuma usiliguse. Siku utakayoligusa, utaanza kunisubiri kwa shangazi yako." Kwa shangazi hakukuwa na kompyuta hata moja. Kulikuwa na bata wakali waliopenda kudonoa miguu ya wageni.

Siku moja maabara ilijaa pomoni. Ilikuwa siku ya mwisho kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho kutuma ripoti zao kwa njia ya mtandao. Ikifika saa kumi na moja jioni, chuo hakingepokea ripoti nyingine, na ambaye hajatuma angerudia mwaka mzima. Miongoni mwao alikuwa Dada Miwani, aliyezoea kumsaidia Bi Usafi hesabu za sehemu. Ripoti yake ilibaki kurasa chache za kusahihisha.

Mama alikuwa akihangaika na mashine ya kuchapisha iliyokwama karatasi. Bi Usafi akapita karibu na chumba cha nyuma, akaona kabati limeachwa wazi. Ndani mlikuwa na kile kisanduku ambacho mafundi hukiita swichi, kinachogawa mtandao kwa kompyuta zote, chenye matundu mengi, nyaya nyingi na taa ndogo za kijani. Kila waya ulikuwa mahali pake, isipokuwa mmoja. Ncha yake moja ilichomekwa kwenye swichi, nyingine ikining'inia hewani.

Jamani, Bi Usafi angevumilia vipi? Palikuwa na tundu tupu. Akaichomeka ile ncha, ikalia "ta!" ikatulia vizuri. Papo hapo taa zote zikaanza kumetameta kwa kasi. Bi Usafi akadhani zinamshukuru. Akafunga kabati, akarudi mezani kwake.

Haikuchukua muda, kelele zikaanza.

"Mtandao umekatika!"

"Hata kwangu haufunguki!"

Mama akaacha mashine ya kuchapisha, akasimama katikati ya chumba. "Nani amegusa kitu?"

"Si mimi!" wote wakajibu kwa pamoja.

Mama akaipigia simu kampuni inayoleta mtandao chuoni. Wakamwambia kwao kila kitu ni kizima. Akaingia chumba cha nyuma, akafungua kabati. Nyaya zote zilikuwa zimechomekwa, hakuna uliolegea. Akatoka akikuna kichwa.

"Ni huyu hapa!" mwanafunzi mmoja akasema, akimnyooshea kidole kijana waliyemwita Kaka Filamu. "Kila siku anapakua filamu. Leo ameumaliza mtandao wote!"

"Haki ya Mungu, leo sijapakua chochote," Kaka Filamu akasema.

"Toka nje! Unataka turudie mwaka kwa ajili yako?"

Kila mtu akamzomea. Kaka Filamu akachukua mkoba wake, akaanza kutembea kuelekea mlangoni, macho chini. Kwenye meza ya mbele Dada Miwani alikuwa amevua miwani yake na kufuta machozi kwa kiganja.

Bi Usafi akakumbuka zile taa. Je, kama ni yeye? Akawaza bata wa shangazi, akawaza kunyamaza. Lakini Kaka Filamu alikwisha kushika kitasa cha mlango, naye akashindwa kumtazama akiondoka. Akapiga moyo konde.

"Mama! Asitoke! Ni mimi niliyegusa kabati!"

"Umegusa nini?" mama akauliza.

"Kulikuwa na waya unaning'inia. Nikauchomeka."

"Nionyeshe. Upesi, mwanangu!"

Wakakimbilia chumba cha nyuma. Bi Usafi akaonyesha waya, mama akauchomoa. Zile taa zikapunguza kasi.

"Ncha zote mbili zilikuwa kwenye swichi hii hii," mama akasema. "Habari zikitoka hapa zinarudi hapa hapa, zinazunguka bila kufika popote, hadi za wengine zinakosa njia. Na mimi natafuta waya uliochomoka, kumbe uliochomekwa!"

"Umerudi! Mtandao umerudi!" wakasikia vifijo.

Dada Miwani akavaa miwani yake na kuituma ripoti. Zikiwa zimebaki dakika chache tu, skrini ikaandika: imepokelewa. Akaruka, akamkumbatia jirani yake bila kujua ni nani. Alikuwa Kaka Filamu, aliyerudi kutoka mlangoni. Wenzake wakamwomba radhi mmoja mmoja.

"Nimewasamehe," akasema. "Sasa Mama Mtandao, naruhusiwa filamu moja ya kufuta machozi?"

"Hata nusu hupati!" mama akajibu, na maabara ikaangua kicheko.

Watu walipoondoka, mama alimketisha binti yake. "Kabati uliligusa, kwa hiyo wiki ijayo utanisubiri kwa shangazi. Hilo halina mjadala."

"Sawa, mama," Bi Usafi akasema kwa sauti ndogo.

"Lakini nisikilize. Kukosea kila mtu anakosea, hata mimi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kosa lako leo limetupotezea muda kidogo. Ungenyamaza, yule dada angepoteza mwaka, na yule kaka angepoteza jina lake zuri. Umeogopa, na bado umesema. Kwa hilo najivunia wewe sana."

Bi Usafi akamwegemea mama yake begani, akalia kidogo, kisha akacheka. Wakazima taa za maabara, wakaenda nyumbani wameshikana mikono.