Sauti Moja Juu ya Riat

Saa nne asubuhi, chumba cha nyuma cha fundi baiskeli, Obunga.

Hemedi alitupa mezani redio ya polisi, ile aliyompokonya askari mlevi. Masinde aliiokota kwa chuki. Alikuwa fundi wa hizo redio hadi alipofutwa kazi kwa wizi ambao, Mungu shahidi, wakati ule hakuwa ameufanya.

"Redio za karao hazina nguvu ya kufikiana," alisema. "Zote zinapitia mlingoti wa kilima cha Riat. Mlingoti unadaka sauti, unairusha mji mzima. Lakini unabeba sauti moja tu. Mimi nikifinya hii kitufe nisiachilie, karao wote ni bubu."

"Si watatusikia tukiongea?" aliuliza Opiyo, dereva.

"Nitaziba kinywa yake na pamba."

Hemedi alicheka. "Omera, wewe ni shetani!"

Mali yenyewe ilikuwa mabondo, vibofu vya samaki mbuta vilivyokaushwa, magunia kwa magunia katika ghala karibu na gati. Ng'ambo vinagombaniwa kama dhahabu. Wakoli, mdogo wake Masinde, ndiye angeruka ukuta, maana ndiye mwepesi.

"Bwana Hemedi, mdogo wangu asiachwe," Masinde alisema. "Mwenzetu Joram ulimwacha kwa ua kule Maseno."

"Joram alikuwa mzembe."

Masinde aliyameza. Mwenye njaa hana miiko.

Saa saba mchana, ghalani.

Masinde, akiwa garini na Hemedi nyuma ya ghala, alifinya kitufe. Wakoli akaruka. Gunia likavuka ukuta, na jingine, na jingine, Opiyo akiyasukuma ndani ya Peugeot. Kisha filimbi ya mlinzi ikalia. Askari wawili waliokuwa wakinywa chai ng'ambo ya barabara wakaja mbio, wakaziba geti la mbele. Mmoja aliifokea redio yake. Haikumjibu.

Wakoli hakurudi ukutani. Mlinzi alikuwa amemkatia njia.

"Opiyo, washa gari," Hemedi alisema.

"Wakoli yuko ndani!"

"Abaki. Vijana wamejaa Manyatta."

Hasira ilimkaba Masinde hadi macho yakaona giza. Alitaka kumnyonga palepale. Badala yake, kidole kikiwa bado kwenye kitufe, alichomoa pamba kwa ukucha.

"Tunaenda wapi, Hemedi?"

"Dunga. Boti iko nyuma ya vibanda vya samaki, hii Peugeot nyeupe tunaitupa hapo. Na usiniulize tena. Mimi Hemedi siulizwi na mtu wa nyaya!"

Gari lilipokata kona mbele ya geti, Masinde alimwona askari akishusha redio sikioni na kumvuta mwenzake mkono. Sauti ya Hemedi ilikuwa imepanda Riat na kushuka katika kila redio ya mji. Wote wawili wakaliacha geti, wakakimbilia Land Rover yao. Nyuma yao mtu mwembamba, mwepesi, alichomoka getini, akapotelea kati ya wachuuzi.

Saa saba na nusu, Dunga.

Walilazwa kifudifudi matopeni, pingu mikononi. Sajenti alimkanyaga Masinde mgongoni.

"Mlikuwa wangapi?"

Hemedi alifungua kinywa. Masinde akajirusha, paji lake likampata puani, damu ikatapakaa. Mbwa huyu, angemtaja Wakoli! Kirungu kikamshukia Masinde kichwani, mara mbili.

"Watatu, afande," Masinde alisema.

Sajenti akamgeukia dereva. "Na wewe?"

Opiyo hakuinua uso. "Watatu," alisema.