Umoja wa Italia Ulivyoninyang'anya Nyumba ya Mama

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka sitini na mbili, mjane, nakaa kwa binti yangu hapa Ibra. Nimezaliwa Unguja, nikaletwa huku Omani nikiwa mdogo. Nilisomesha historia skuli ya wasichana mpaka nikastaafu, na somo nililolipenda kuliko yote ni Waitaliano walivyopigania umoja na uhuru wao.

Msinicheke! Nchi yao ilikuwa vipande vipande, kila kipande na mtawala wake, na Waustria wameikalia kaskazini. Akatokea shujaa mmoja na wenziwe wa mashati mekundu, akaikomboa kusini yote, kisha akamkabidhi mfalme bila kudai kitu. Kila nikifika hapo machozi yalinitoka mbele ya wanafunzi.

Na sisi kwetu tulikuwa vipande. Marehemu baba aliacha shamba la mitende Al Qabil na watoto wa wake wawili. Mimi na mdogo wangu Nasor ni wa mama wa Unguja, lugha yetu Kiswahili. Wenzetu wa mama mkubwa, chini ya kaka yetu Salum, Kiarabu tu. Tuligombania zamu za maji ya falaji, ule mfereji wa kunyweshea shamba, mpaka mitende ikaanza kukauka. Hata msibani hatukukaa jamvi moja!

Basi nikasema, hii Italia yetu nitaiunganisha mimi. Nikenda Sur, nikenda Nizwa, kila aliko ndugu, naomba, nabembeleza. Shamba liwe moja, msimamizi Nasor. Mbele ya watu wote nikatangulia kuachia fungu langu ili wengine waige. Nilichotaka ni kimoja tu... nyumba ndogo ya marehemu mama pale shambani, yenye asumini mlangoni, nikazeekee humo. Nasor aliniapia pembeni kuwa nitaipata.

Wote wakakubali, isipokuwa kaka Salum. Siku ya Idi, nyama iliyookwa shimoni imeshafukuliwa na sote tumekaa kula, akatangaza kuwa naye yumo. Nilipiga vigelegele! Kisha akamshukuru Nasor kwa kumpa nyumba mwanawe yeye Salum, anayeoa. Nyumba gani? Ya mama...

Nilimvuta Nasor pembeni. Hakuthubutu kunitazama usoni.

"Dada, khalas, yamekwisha. Bila ya nyumba ile, wallahi Salum asingekubali. Si wewe uliyetufundisha kuwa umoja lazima mtu aulipie?"

Mdogo wangu niliyembeba mgongoni! Hapo ndipo nilipokumbuka kipande cha somo nilichokuwa nikikipita mbio. Waziri wa mfalme yule yule, mtu wa upande wake mwenyewe, aliutoa mji aliozaliwa yule shujaa, akampa mtawala wa Ufaransa ili apate msaada wa jeshi. Aliyepigania umoja akawa mgeni kwao. Miaka yote nilisomesha, uchungu wake sikuujua!

Juzi nilikwenda shambani. Maji yanapita, mitende imechangamka, watoto wa pande zote wanacheza pamoja. Nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi. Lakini kwenye mlango wa mama nilipiga hodi... Bibi harusi, maskini hana kosa, akanikaribisha kwa kahawa na haluwa, akaniuliza kwa adabu, kama mtu na mama yake mdogo, "Khalti, ndiyo mara yako ya mwanzo kufika kwetu?"

Ndugu zangu, unganeni, sikukatazeni. Lakini kabla hujaachia kilicho chako, uliza mbele ya watu, sauti juu: kitatolewa nini, na ni cha nani? Usitosheke na kiapo cha pembeni, hata cha ndugu uliyenyonya naye ziwa moja. Mimi nilitosheka.

Yule binti nilimjibu, "Ndiyo, mwanangu, mara ya mwanzo." Nikamsifia asumini yake.