Wanafunzi Arobaini wa Mavivi

Asubuhi ya Jumatatu, katika darasa la tatu la shule ya kijiji cha Mavivi, sauti moja nzito iliitika kabla jina halijaitwa.

Mwalimu Emérence aliisikia akiwa mbali, Vulamba, mjini Butembo. Ulikuwa mwaka wa pili wa état de siège, utawala wa kijeshi. Vita vilikuwa vimewafukuza walimu wa Mavivi, kwa hiyo alifundisha kwa kompyuta: yeye mbele ya kamera ndogo, watoto mbele ya ukuta mweupe uliobeba uso wake. Mkurugenzi wa shule, Kalala, aliyetumwa kutoka Kasai, aliita jambo hilo shule ya kisasa. Alilipenda neno projet, mradi wa wafadhili, kuliko wengine wanavyopenda sala. Majina aliyaita yeye mwenyewe, kando ya Emérence, tai shingoni, ili wageni wa projet wakijiunga wamwone.

Jina lililofuata kwenye orodha, lililoitikiwa kabla ya kuitwa, lilikuwa la Joyeuse.

Joyeuse alikuwa binti wa Emérence. Waasi walimuua katika shamba la kakao miezi miwili nyuma. Dada yake, Agar, waliyesoma naye darasa hilo, alibaki Mavivi kwa nyanya yao, aliyekataa kuacha mavuno yake.

Mara tatu Emérence alikuwa amemwomba Kalala alifute jina la marehemu. Siku ile alimwomba tena, kwa sauti ya chini.

"Mutoto alikufaka, Directeur. Jina yake inafanya nini mule?"

"Inajaza, Madame. Projet inaomba batoto makumi ine. Makumi tatu na tisa, ni darasa gani hiyo?"

Akacheka peke yake.

Jumanne ilikuja harufu ya kakao inayochacha, pale Butembo kwenye baridi, ambako hakuna anayeanika kakao. Kalala alisema ni mashine imepata moto. Jumatano Emérence aliona kwenye kioo cha kompyuta kwamba Agar ameketi ukingoni kabisa mwa benchi lake, kama mtu aliyesukumwa, na katikati ya benchi, mahali pasipo na mtu, ubao ulikuwa ukilia taratibu, ukipinda na kunyooka, kama kuna kitu kizito kinachovuta pumzi juu yake.

Alhamisi Kalala aliita, "Agar." Mtoto akafungua mdomo, lakini ile sauti nzito ilimtangulia: "Présente, Monsieur." Agar akafunga mdomo.

Emérence alisimama. Alikuwa anaogopa, ila dharau ilikuwa kubwa kuliko woga. Akaisogelea kamera.

"Wewe," alisema polepole. "Batoto bangu banaitikaka 'Niko'. Kila siku ninabakosoa baseme mu Kifaransa, na kila siku banasema 'Niko'. Hata kuiga haujue. Uko mwizi, tena mwizi mujinga." Akapiga ishara ya msalaba. "Joyeuse alikufa. Tulimuzika. Iko mu mikono ya Mungu. Ondoka mu jina yake."

Hakuwahi kulitamka neno hilo, alikufa, mbele ya Agar. Kule Mavivi benchi liliruka, vumbi likapanda, na harufu ikakatika.

Kesho yake alipanda pikipiki hadi Mavivi, akamchukua Agar na kumpandisha Butembo, nyanya akilia nyuma yao. Kisha akamwambia Kalala afute majina yote mawili. La Joyeuse Kalala alilifuta haraka, kwa maana Alhamisi ile alijificha nyuma ya kiti, akitetemeka kuliko mtoto yeyote. Lakini woga wa mtu kama yule haudumu siku tatu. La Agar aliliacha, akajaza pengo la Joyeuse kwa jina alilolitunga mwenyewe.

"Agar hapana kufa, Madame. Iko muzima, donc inahesabika."

Jumatatu iliyofuata Agar aliketi kwenye kigoda, magotini pa mama yake, mbali na kamera. Kalala akaita majina. Alipofika kwa Agar, Emérence alimziba mtoto mdomo kwa kiganja, na chini ya kiganja midomo haikutikisika.

"Niko," ikaitika sauti kutoka Mavivi, sauti ya Agar mwenyewe, nyembamba, safi, bila kosa.

Emérence akaondoa mkono.

"Sema kitu, mwanangu. Sema hata 'Mama'."

Agar alimtazama. Midomo yake ikafunguka, ikajipanga vizuri, ikatamka, na neno likatoka ndani ya kompyuta, likitokea Mavivi, kilomita zaidi ya hamsini kutoka pale walipoketi.

Kalala akatia alama yake, akaita jina lililofuata.