Mforosadi Namba Kumi na Tatu

Soko la Kasulu siku ile ya mwaka 1996 lilifurika watu. Makarius alipita kasi na gunia bichi begani, maji yakamchuruzikia Epifania kwenye kitenge chake kipya cha bluu.

"Bambe, pole dada. Nisamehe."

"Umebeba samaki?"

"Vijiti vya miforosadi, ya huku huku kwetu. Mmoja una majani mapana, mwingine membamba. Huu unarefuka upesi, ule umedumaa. Sisi wa utafiti wa kilimo tunataka kujua upi unatoa majani mengi ya kulisha viwavi wa hariri."

Epifania akacheka. Kijana mtanashati hivi, kazi yake kupima majani. "Kwetu Nyakitonto upo mmoja. Aliupanda marehemu baba."

Akampeleka. Miezi mitatu ikapita kwa barua, matembezi na utani wa "bwana majani". Kisha Makarius, bila kumwambia, akaukata mti ule usawa wa goti. Kwake halikuwa jambo. Miti yote arobaini ya majaribio, kijiji kwa kijiji, ilikatwa siku moja ili machipukizi yapimwe kwa haki. Mama yake Epifania alikubali, na Makarius akaona inatosha. Wanaume na hesabu zao.

Epifania alikuta kisiki. Baba yake alizikwa Burundi. Mti ule ndio pekee aliomwachia. Alilia, akahamia Kibondo kuuza kwenye duka la vitambaa la mzee Abdulrahmani. Hakutulia. Simu ya dukani ikilia, moyo ulimruka. Alijiuliza: alinipenda mimi, au aliutaka mti?

Miezi minne baadaye simu ikawa ya Makarius.

"Fani, kesho tunakata tena. Wenu, namba kumi na tatu, umechipua kuliko yote."

"Nangoja uniulize habari zangu, wewe unaniambia za mti."

"Nilikosa, mpenzi. Safari hii nakuuliza wewe kwanza."

"Na nikikataa?"

"Hautaguswa. Nimeshamwambia mkubwa wangu aufute kwenye majaribio ukikataa."

"Huo unaoongoza?"

"Huo huo. Sili, silali, Fani. Nikupoteze kwa ajili ya majani?"

Epifania alipangusa macho kwa upindo wa khanga. Alimpenda, kwisha habari.

"Mwambie asiufute. Baba angefurahi watu wakiupanda kila mahali. Ila panga nitashika mimi. Napanda lori la alfajiri."

"Nitakusubiri stendi."

"Usinisubiri stendi. Katafute mshenga, nikifika nyumbani nimkute ameshakaa na mama."