Mpangaji wa Shingoni

Maji ya mtungini yalianza kunuka dawa. Chiku aliyamwaga, akausugua mtungi kwa mchanga, akachota mengine kisimani. Kabla ya adhuhuri yalinuka vilevile, ile harufu ya kuchoma pua aliyoinusa mara moja tu maishani, hospitali kule Tanga, siku alipokatwa uvimbe wa shingoni.

Uvimbe ule alikuwa nao hapa Kigombe tangu usichana wake. Ulipotolewa, daktari wa utafiti alimwomba awaachie wauhifadhi kwenye chupa, wauchunguze, na wenzao wa mbali nao wapelekewe vipande. Chiku alikubali kwa moyo safi.

"Chukueni," alisema. "Kama utamfaa mgonjwa mwingine, mimi wa nini?"

Baada ya harufu kukaja hatua. Zilikuja mchana, jua la utosi, watu wamejinyoosha. Mtu alitembea ukumbini akiburuta mkono ukutani, taratibu, kama kipofu anayetafuta mlango. Idarusi, mume wa Chiku, akainua kichwa.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Nyamaza."

"Nani huyo, Chiku?"

Hatua zilikwisha kufika kwenye kitanda cha binti yao Mwatumu, zikasimama, na ile harufu ikajaa chumba kizima mpaka macho yakawatoka machozi, na mtoto, aliyekuwa amelala fofofo, akainua kidevu polepole kama anayefunguliwa kanga, na kwenye ngozi ya shingo yake pakabonyea alama za vidole visivyo na mkono, vikipapasa, vikipima, vikirudi palepale, hata sauti ya kizee ikasema kwa kuridhika: "Hapa patanitosha."

Wakamwita Fundi Uweso, mganga wa Mkwaja. Alifukiza ubani, akasemezana na yule jini mpaka kanzu ikalowa jasho.

"Alikuwa akikaa kwenye uvimbe wako," alimwambia Chiku. "Wewe uliutoa, yeye hakuulizwa. Sasa hana kwake. Namfukuza, anaishia mlangoni, anarudi. Ulete uvimbe tuuzike alale nao. La sivyo atahamia kwa mtoto."

Chiku akapanda basi la Tanga. Daktari hakuwepo, amekwenda Lushoto kupunga hewa. Alipokwenda tena akaambiwa yuko kikaoni, akangoja barazani mpaka jua likazama. Safari iliyofuata alimkabili mlangoni. Zebedayo, msaidizi wa daktari, Mbondei mpole aliyemletea kiti kila alipokuja, alisimama kando akitazama chini.

"Ulitupatia kwa hiari yako, mama," daktari alisema. "Sasa ni mali ya utafiti. Tena tumekwisha ugawa. Kipande kiko Nairobi, kingine kimo melini kinakwenda Ulaya. Hapa kimebaki kidogo tu."

"Nipe hicho kidogo."

"Haiwezekani."

"Sikudai kitu kingine, bwana. Mwanangu ananyemelewa."

"Na nani?"

Chiku alimweleza yote. Daktari alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, na adabu ile ilimuudhi kuliko kama angechekwa.

"Mlete mtoto tumpime," ndilo jibu alilopata.

Alirudi Kigombe amevimba kwa hasira. Alitenda wema, na sasa kila mlango aliobisha ulifungwa kwa upole. "Fundi," alimwambia Uweso, "kama hawataki kumpa nyumba yake, nimpeleke mwenyewe ilipo?"

"Atakufuata. Lakini itabidi umbebe."

Akambeba. Ndani ya basi abiria walisogea mbali naye wakiziba pua, naye alikaa ameinama, uzito wa baridi umemlalia shingoni. Daktari alikuwa amekwenda kula. Zebedayo aliutazama uso wa Chiku, akafungua chumba cha chupa bila kuuliza.

"Fanya haraka, mama," alinong'ona.

Rafu zilijaa nyama za watu, nyeupe kama samaki aliyechemshwa, na Chiku aliposogea kwenye chupa yake ule uzito ukaanza kumteremka, ukapita begani, ukapita kwenye mkono mpaka ncha za vidole, na kile kipande kilichokaa kimya ndani ya dawa kikajigeuza, kikajikunja, kikatulia kama mtu aliyepata mto wake, ndipo chupa zote za jirani zikatikisika pamoja.

Mlangoni alikutana na daktari.

"Nimemwacha mwenye nyumba ndani," akamwambia. "Nakusihi, usimkate."

"Ahsante, mama," daktari alisema kwa adabu.

Mwatumu akapona. Harufu ikatoka nyumbani. Masika yalipokwisha, Zebedayo akatokea Kigombe amekonda, akakataa kuketi.

"Alikikata kile kipande," alisema. "Akakigawa tena. Sasa Nairobi wamepiga simu wanauliza hicho kinachozungumza ndani ya chupa kinasema lugha gani."

"Na hapo Tanga?"

"Hapo lugha tunaijua. Kinalia kwamba kinaumwa. Kinaita vipande vyake kimoja kimoja. Daktari haingii tena chumbani. Anakuomba uje umchukue."

Chiku alitazama uani, alikokuwa Mwatumu akitwanga na wenziwe, shingo yake nyororo ikimeremeta jasho.

"Mwambie nilikuja kumwomba," alisema, "nikangoja barazani."

Akafunga mlango. Zebedayo alibaki amesimama nje. Basi la kurudi mjini likapiga honi, likamngoja, likaondoka bila yeye.